RES Hapana Résister

Ninyi mnaoendesha siku hizi, mnaoshika usukani kwa kidole kimoja huku kingine kikitafuta wimbo kwenye simu, sogezeni viti. Sitawaambia kwamba zamani tulikuwa hodari kuliko ninyi. Zamani lori lilikuwa linazama hadi kwenye milango, tunalala porini, na asubuhi tunagombana na kuku wa wenyeji waliotaga mayai chini ya chasisi. Huo si uhodari. Hiyo ilikuwa njia mbaya na likizo ya lazima.

Mimi ni Kasereka, shofa mstaafu wa hapa Butembo. Nimeendesha malori ya mbao na ya maharagwe miaka mingi, kisha uzeeni nikapata kazi laini ya kumwendesha Mama Masika wa Vulamba, muuzaji wa mabati na misumari. Wengi wenu mnamjua kwa sauti hata kama hamjawahi kumwona. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja tu kilichomo ndani ya magari yenu mapya, kile kinachoitwa régulateur, na kwa nini mvua ikianza kinatakiwa kulala. Nitazunguka kidogo njiani. Mzee asiyezunguka ni mzee aliyesahau.

Gari lenyewe Mama Masika aliliagiza Dubai. Jeep nyeusi, usukani kushoto, viti saba vya ngozi. Kwenye usukani, upande wa kulia, yaani upande ule ule anaokaa yeye, palikuwa na vitufe vitatu: SET, RES na CANCEL. Mama akamwita fundi, akamwuliza ni vya nini. Fundi alikuwa na boliti mdomoni. Akasema, "Ile ni régulateur, Mama," akaingia chini ya gari, na hatukumwona tena hadi jioni.

Laiti angebaki juu akaeleza. Maana neno régulateur Mama Masika alikuwa nalo tayari nyumbani. Kila nyumba ya mjini inakijua kile kisanduku kinachokaa kati ya courant, yaani umeme, na frigo. Courant ya kwetu mnaifahamu, mara imelala, mara inaruka ukutani na kuua televisheni. Kisanduku kinapokea ule mruko, kinautuliza, na frigo inaendelea kugandisha samaki wake kama hakuna kilichotokea. Mama Masika anakipenda kisanduku chake. Hukipangusa vumbi mwenyewe kila Jumapili baada ya misa, na hamruhusu mtu mwingine akiguse.

"Donc, basi," akaniambia, ameegemea mlango wa jeep, "shimo ikikuya, inapokea. Matope ikikuya, inapokea. Mvua ikikuya, inapokea."

"Hapana, Mama. Hii inachungaka vitesse tu."

"Na vitesse ni nini? Si njo courant ya motokari?"

Vitesse ni mwendo tu, lakini alivyoiuliza hata mimi nikaanza kuiona courant. Mnaona shida ya kuishi na watu wenye akili? Mjinga ungemwambia basi, akanyamaza.

Vitufe navyo alivisoma mwenyewe. SET aliamua ni "sept", saba ya Kifaransa, iliyoandikwa vibaya, kwa sababu viti ni saba. CANCEL alisema ni Kiingereza, kwa hiyo tusikiguse. Na RES, aliposhika miwani na kukiinamia, uso wake ukang'aa. "Résister," akasema. Kitufe cha kupinga. Kupinga mvua, kupinga utelezi, kupinga kila aliyewahi kumwonea wivu pale sokoni. Kwa wiki nzima alikuwa akiwaeleza wamama wa kwaya kwamba gari lake lina résister.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hii ndiyo kazi. Régulateur ya gari ni kipofu mwenye bidii. Unakwenda mwendo unaoutaka, unafinya SET, unaondoa mguu, na gari linashika mwendo ule lenyewe. Likianza kupungua, linajiongezea mafuta. Halijui kwa nini limepungua. Kama ni kilima, linaongeza. Kama ni maji yaliyotanda barabarani yanayolivuta tairi, linaongeza pia, na hapo ndipo balaa, maana tairi lililoongezewa nguvu juu ya maji haliendi mbele, linazunguka bure kama mtu anayekimbia juu ya sabuni. Na wewe mguu wako uko wapi? Umeupumzisha pembeni. Barabara inakuita na wewe husikii.

Kijana mmoja aliwahi kuniambia gari lake lina kompyuta, litajua. Nikamwambia kompyuta ni kitu kizuri, ila haijawahi kushuka mlima wa Kabasha kwa miguu ikiwa imebeba ndizi.

Aliyenifundisha mimi kusikia barabara ni mzee Katembo, shofa wa malori ya mbao, mtu mfupi aliyekalia mto ili aone mbele. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na sufuria. Aliijaza kasiksi, ile pombe ya ndizi, akaiweka bila kifuniko kati ya miguu yake kwenye kiti cha pembeni, akaniambia endesha. Ukifunga breki kwa ghafla, kasiksi inamwagika kwenye suruali yake. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, inamwagika vilevile. Hakunitukana hata mara moja. Alisema tu, akitazama suruali, "Mwambie huyo mguu wako kama niko na kiu." Nilijifunza haraka, kwa sababu mzee asiyetukana anatisha kuliko anayetukana. Na viatu alinikataza vyenye soli nene siku ya mvua. Alisema mguu ukivaa godoro hausikii kitu.

Basi, turudi kwa Mama Masika na siku yenyewe.

Lazima nieleze kwanza mkono wake. Mama Masika ana mkono wa kufinya. Sokoni hufinya avoka zote kabla ya kununua moja, na muuzaji hubaki na lundo la avoka zenye vidole vyake. Remote ya televisheni hufinya hadi picha inageuka Kichina. Mtoto wake ni mmoja tu, Mumbere, na baba yake Mumbere alikwisha kufariki. Mumbere alipompenda Kavira, muuguzi wa Mulekera kule Beni, mama akaanza kufinya na hapo. Alichagua kitenge cha sare cha upande wa bwana harusi, kisha akachagua na cha upande wa bibi harusi. Alichagua wimbo wa kuingilia kanisani. Alichagua jina la mjukuu wa kwanza, wakati kwa kina Kavira haujafika hata mguu wa mbuzi. Kavira ni binti wa sauti ya chini, alisema tu, "Sawa, Mama," lakini alikuwa akimtazama ile mikono.

Siku ya kupeleka mbuzi wa mahari ilipangwa na baba mkubwa wa Kavira, Papa Muhindo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba wa binti alipofariki. Papa Muhindo hakuwa mtu wa mchezo. Kulikuwa na ujumbe mwingine uliokuja siku za nyuma kumposa binti mwingine wa kwao. Ulipitia kila nyumba ya kasiksi njiani, ukafika jioni, na msemaji wao akaposa mama wa binti badala ya binti. Tangu siku hiyo Papa Muhindo aliweka sheria, na sheria hiyo, ya kufika kabla ya saa sita mchana, alitutumia kwa simu: "Mufike mbele ya midi. Kisha midi mulango inafungika, na ingine siku hakuna."

Mama Masika aliogopa. Asubuhi ile, akiwa amesimama karibu na jeep na viatu mkononi, aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Papa Kasereka, nikikosa huyu binti, Mumbere hataoa tena. Namujua. Iko na kichwa yangu."

Mumbere na mbuzi wengine walikuwa wametangulia kwa pick-up. Ndani ya jeep tulikuwa mimi, Mama Masika mbele pamoja nami, na nyuma Papa Paluku, msemaji wetu, mtu mwenye suti ya rangi ya krimu na hotuba ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi hadi mke wake akahamia kwa dada yake. Nyuma ya Papa Paluku alikuwa mbuzi mweupe, mbuzi wa kuongoza wenzake. Mama hakutaka apande pick-up achafuke.

Tulipopita Rughenda, Mama akatazama uwanja wa ndege.

"Ndege iko na pilote automatique, hapana?"

"Iko nayo, Mama."

"Na inapitaka mu mawingu. Mule njo mvua inatokaka. Na haianguke."

Papa Paluku alisema hiyo ni hoja kubwa. Mbuzi naye alilia. Mimi jibu nililipata tukiwa tumefika Maboya: kwamba ndege mule mawinguni haikanyagi chini. Lakini walikwisha kuanza mazungumzo mengine, na jibu lililochelewa ni kama mchuzi uliofika baada ya bugali kwisha.

Kabasha tulishuka kwa gia ndogo. Hapo pia nisikilizeni. Mteremkoni régulateur ya magari kama lile haikushikii gari. Inajua kuongeza, haijui kuzuia, na gari likivutwa na mlima yeye anakaa anatazama. Kwenye kona vilevile isahau. Na mahali penye watu, pikipiki, chukudu zile baiskeli za mbao, na mbuzi wasio na adabu, isahau kabisa. Ukiniuliza basi inafaa wapi, nitakuambia: barabara kavu, iliyonyooka, tupu, na shofa asiyesinzia.

Na kweli tuliipata. Baada ya mlima kulikuwa na kipande cha lami mpya, goudron kama tunavyoiita, kikavu, kimenyooka. Mama akanitazama. Nikafinya SET. Gari likajishika lenyewe, nikanyoosha mguu, na goti langu la kulia likanishukuru. Mama alipiga makofi. Papa Paluku aliomba aoneshwe miguu yangu, akainama kati ya viti, akaiona imekaa pembeni bila kazi, akasema dunia imeendelea.

Mvua ikaanza hapo hapo. Haikuwa kubwa. Na hiyo ya kwanza, ile ndogo inayochekesha, ndiyo mbaya kuliko zote. Goudron imekaa siku kavu ikikusanya vumbi, matone ya mazuti ya malori, mawese yaliyochuruzika kutoka kwenye madumu yanayobebwa na pikipiki, na udongo ulioachwa na malori yanayotoka mashambani. Mvua kubwa huosha vyote hivyo. Mvua ndogo huvikoroga tu. Ukikanyaga pale umekanyaga uji.

Nikagusa breki kidogo sana, kama mzee Katembo anatazama suruali yake. Régulateur ikalala. Gari likapunguza mwendo, nikawasha taa, nikarudisha mguu kazini.

"Kwa nini uko nalegeza?"

"Mvua, Mama."

"Mais lakini njo saa yake. Finya résister."

"Haina résister. Ile inarudishaka vitesse yenye ilikuwa mbele. Sasa njia ni mubaya."

"Midi iko nakuya, Papa Kasereka."

"Ikuye. Itatukuta tuko bazima."

Alinyamaza. Mimi nikadhani amekubali. Ninyi vijana, mkiendesha mama anayenyamaza, tazameni mikono yake.

Tulifika mahali ambapo maji yalikuwa yakivuka barabara kutoka shamba la mihogo, kama mkeka mwembamba. Usukani ukawa mwepesi mkononi. Hiyo ndiyo dalili, shikeni hiyo: usukani ukiwa mwepesi ghafla, matairi hayagusi tena ardhi, yanaogelea. Dawa yake ni kutofanya jambo lolote kwa nguvu. Unaachia mafuta polepole, unashika usukani ulikotaka kwenda, unasubiri. Nami nilikuwa nasubiri vizuri kabisa.

Mkono wenye pete ukapita mbele ya kifua changu. "Résiste," akasema Mama Masika, akafinya.

Jeep ilinguruma. Kumbukeni ni kipofu mwenye bidii. Iliambiwa irudie mwendo wa kwanza, ikatii kwa moyo wote, juu ya maji. Matairi ya nyuma yakazunguka bure, mkia ukaanza kuja mbele kusalimia. Kidole gumba changu kilikwenda chenyewe kwenye CANCEL, kitufe cha kuilaza régulateur, kwa sababu nilikuwa nimejizoeza gari likiwa limesimama nyumbani, macho yamefungwa, na ninyi mfanye hivyo leo hii. Breki sikuikanyaga. Usukani niliufuata taratibu. Nilifanya yote yanayotakiwa, na bado tuligeuka. Maji hayana heshima kwa uzoefu.

Tuligeuka polepole, kama watu wanaotafuta mahali pa kukaa kanisani. Nyuma yangu nilisikia Papa Paluku, kwa woga, akianza hotuba yake: "Bazee betu baheshimiwa, tumekuya hapa na roho safi." Kisha sauti ikazibwa. Gari lilisimama, makalio kwenye mfereji wa pembeni, pua kwenye goudron, injini imezima.

Mvua juu ya bati la gari. Nikaangalia watu wangu. Wote wazima. Mbuzi mweupe alikuwa amekaa mapajani mwa Papa Paluku, ametulia, na kwenye suti ya krimu kulikuwa na kwato nne zilizochorwa vizuri kwa matope. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamshukuru mzee Katembo kimoyomoyo.

Mama Masika alitazama usukani. Akauliza kwa sauti ndogo, "Régulateur imeungua?"

Ng'ambo ya barabara wamama kadhaa walikuwa wakijikinga chini ya kibaraza cha duka. Mmoja akauliza kwa sauti ya kutosha, "Bale banaenda ku harusi ao bako nakimbia harusi?" Ndipo nilipoona tulivyosimama. Pua ya jeep ilikuwa inaelekea Butembo. Tulikuwa tumetoka kwetu kwenda kumchukua binti wa watu, na sasa tulionekana tunarudi.

Na kama vile haitoshi, ikapita pikipiki yenye mwavuli, na chini ya mwavuli mama mmoja amekaa nyuma ya dereva, akatutazama sana, akatoa simu. Papa Paluku akakitambua kitenge. Ilikuwa ile sare ya upande wa bibi harusi, ambayo Mama Masika aliichagua mwenyewe ili ionekane kwa mbali. Ni shangazi yake Kavira. Pikipiki haikusimama, lakini maneno yake tuliyasikia wote: "Bamegeuka! Bako narudia Butembo!"

Wamama wa kibarazani walitusukuma. Walicheka wakisukuma, na mtu anayecheka husukuma vizuri. Tuliwaambia wasingya, asante ya kwetu, wakamwombea mbuzi safari njema. Nikageuza gari, nikalielekeza Beni, nikaenda mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mama Masika hakusema niharakishe. Mikono yake alikuwa ameibana kati ya magoti. Ninyi wenye haraka, shikeni na hili: aliyechelewa huomba msamaha mwenyewe, aliyepinduka huombewa na wengine.

Tulifika Mulekera midi bado. Lakini mlango wa parcelle, ua wa nyumba yao, ulikuwa umefungwa, na mbele yake amesimama Papa Muhindo na fimbo yake, na yule shangazi pembeni na mwavuli wake. Mumbere alikuwa nje na mbuzi wake wote, uso wake umekwisha damu. Alitutazama mimi na mama yake kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali.

"Midi haijafika," akasema Papa Muhindo. "Mais tumesikia mulikuwa munarudia Butembo. Mulisahau nini kule? Ao mulikumbuka nini?"

Swali hilo, vijana wangu, kwenye mambo ya ndoa si dogo. Ujumbe uliogeuka njiani ni ujumbe uliobadili moyo. Papa Paluku akasogea mbele na kwato zake nne kifuani.

"Bazee betu baheshimiwa, ni shofa. Shofa yetu amezeeka. Njia ilimuponyoka."

Shofa hana kauli kwenye baraza la mahari. Lakini iliniuma, siwafichi. Miaka yote ile ya matope, halafu jina langu liishie pale mlangoni mbele ya mbuzi. Nilitazama viatu vyangu vya soli nyembamba.

"Papa Paluku," akasema Mama Masika, "ikala kwanza."

Hapakuwa na kiti. Papa Paluku akachuchumaa.

"Hapana shofa. Shofa alikataa. Mvua ilikuya, yeye akalegeza, miye nikafinya bouton. Njo tukageuka. Hatukukuwa narudia popote. Ni miye nilifinya."

"Bouton ya nini?" akauliza Papa Muhindo.

"RES."

"Inasema nini, RES?"

"Miye nilizania ni résister," akasema Mama Masika.

"Kuresister nini?"

"Mvua, Papa."

Kila mtu alitazama fimbo ya Papa Muhindo. Mzee yule alitembea hadi kwenye jeep, akaingiza kichwa dirishani, akasoma vitufe kimoja kimoja, akatoka. "Miye pia niko na régulateur mu nyumba," akasema. "Hata miye ningefinya."

Akafungua mlango.

Tukaingia, tukakaa, Papa Paluku akatoa hotuba yake yote na hakuna aliyesikia, kwa sababu watu walikuwa wanahesabu kwato. Ikaja saa ya kumwita binti, maana ni desturi aulizwe mbele ya wote kama mbuzi wapokelewe. Kavira akatoka, amevaa kitenge alichochaguliwa. Papa Muhindo akamwuliza. Binti akamtazama Mumbere, akatabasamu kidogo, kisha akamgeukia Mama Masika.

"Mama, Mumbere namupenda. Mbuzi tutapokea. Mais niko na swali. Kwetu pia siku moja kutanyesha. Ile siku, Mama atafinya?"

Mama Masika, ambaye sijawahi kumwona akitafuta neno, alilitafuta kwenye mikono yake.

"Nitajaribu, mutoto yangu, hapana kufinya."

"Kujaribu, hapana, Mama," akasema Kavira kwa sauti ile ile ya chini.

Mumbere akashika kichwa. Papa Muhindo akaegemea fimbo. Mama Masika akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, mbele ya koo mbili na mbuzi wote.

"Sitafinya," akasema.

Mbuzi wakapokelewa.

Sasa wameoana, wanaishi Mulekera, mimi nimestaafu. Mama Masika ana shofa mpya, kijana mmoja wenu, na jeep ni ile ile. Juzi akanipigia simu.

"Papa Kasereka, ku batoto kunanyesha. Tangu jana hawasemeshane. Motokari iko tayari, shofa iko tayari. Niende?"

"Mikono yako iko wapi, Mama?"

"Nimeikalia."

"Ikala vile vile."

Hakukata simu. Mimi pia sikukata. Tukakaa hivyo, yeye kwake Vulamba, mimi kwangu, tukingoja mvua ya Mulekera ianuke.